Milango Sita ya Vioo: Kisa cha Kabati la Jikoni Lililofifia kwa Kupanguswa

Katikati ya Aprili 2025, Mfunguo Mosi ukiwa umefika nusu, shangazi yangu aliniita nyumbani kwake katika Mji wa Kale wa Mombasa akaniambia kabati lake la jikoni limeingia mtoto wa jicho. Ni kabati la ukutani lenye milango sita ya vioo, minne ya kioo angavu na miwili ya kioo cha ukungu, ambalo alilitengenezesha miaka minne iliyotangulia ili vyombo vyake vya wageni, yaani sahani za biriani, mabilauri ya sharbati na seti ya kahawa aliyoirithi kwa mamake, vionekane pasipo kufungua mlango. Siku niliyokwenda, vyombo hivyo vilionekana kama vilivyo nyuma ya shela. Vioo vya juu ya jiko la gesi vilikuwa na rangi ya samli iliyoungua, na vile vya juu ya sinki vilikuwa na weupe wa maziwa yaliyokaukia bilaurini.

Uchafu wa jikoni si habari. Kilichonifanya nilishughulikie kabati hili kwa siku mbili nzima, kisha niliandikie kisa, ni kwamba lilikuwa likipanguswa kila siku, asubuhi na jioni, na binti anayemsaidia shangazi kazi za nyumbani, naye ni mwangalifu kuliko wengi wetu. Nilitaka kujua inawezekanaje kioo kinachopanguswa mara mbili kwa siku kizidi kufifia.

Jiko lilivyo

Nyumba ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe yaliyopigwa lipu ya chokaa. Chumba cha kupikia kiko ghorofani, na dirisha lake la pekee linatazama kaskazini-mashariki. Kabati limetundikwa kwenye ukuta unaolielekea dirisha hilo. Nikihesabu milango kutoka kushoto, wa kwanza uko kwenye kona ya friji, wa pili na wa tatu iko juu ya jiko la gesi, na wa tano na wa sita iko juu ya sinki. Vioo vya ukungu ni vya mlango wa kwanza na wa nne. Fremu zote ni za ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ule ambao mafundi huuita MDF, zimepakwa rangi nyeupe na kutiwa vitasa vya shaba.

Mpangilio huo una kasoro ambayo fundi hakuifikiria. Miezi ya mwisho wa mwaka hadi Machi pwani yetu hupigwa na kaskazi, na Ramadhani ya mwaka 2025 iliangukia Machi, kaskazi ikiwa inamalizikia. Upepo ulioingia dirishani kila alasiri uliupokea mvuke wa karai na kuupeleka moja kwa moja kwenye vioo, kwa muda wa mwezi mzima wa sambusa, katlesi, bajia na viazi karai. Lau dirisha lingekuwa upande wa pili, upepo ule ule ungeutoa mvuke nje.

Mafuta yanayochemka hurusha vitone vidogo mno, na kila kitone kinachotua kwenye kioo hubaki hapo kikingojea vumbi. Aina ya mafuta nayo ina neno lake. Shangazi siku hizi hukaangia mafuta ya alizeti, na mafuta ya namna hiyo yakikaa kwenye hewa na joto huvuta oksijeni, yakashikamana yenyewe kwa yenyewe, mwisho yakawa utando mgumu unaonata kama ulimbo. Ndiyo tabia inayowawezesha wachoraji kutumia mafuta ya kitani, ambayo hukauka yakawa ngozi juu ya picha. Mafuta ya nazi hayana tabia hiyo kwa kiasi cha kusumbua. Shangazi aliyakumbuka kwa majonzi, akasema zamani walikaangia nazi na kitambaa kimoja kilitosha. Zamani hizo milango ya makabati ilikuwa ya mbao, lakini sikuona adabu kumkumbusha.

Lililobaki ni maji, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Maji ya bomba katika mtaa ule huja kwa mgao, kwa hiyo kazi nyingi za nyumba hufanywa kwa maji ya kisima. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya miamba ya matumbawe, na tumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, kitu kile kile kinachochomwa katika tanuri kutoa chokaa ya kujengea. Maji ya mvua yanapopenya katika mwamba huo huyeyusha kidogo kidogo na kuondoka nao. Ndiyo maana sabuni haifanyi povu kwa maji ya kisima kile, na birika la shangazi lina ukoga mnene kama ganda la yai.

Nilimwomba binti anipanguse mlango mmoja kama anavyofanya siku zote. Alichota maji ya kisima kwenye bakuli, akasugulia kitambaa kwenye sabuni ya mche, akapangusa kioo chote kwa mpango mzuri kutoka juu kwenda chini, kisha akakiacha kikauke chenyewe. Hakuna aliyemfundisha vinginevyo, na nyumba nyingi hufanya hivyo hivyo. Lakini sabuni ya mche ikikutana na kalsiamu iliyo katika maji magumu hugeuka kuwa utando wa kijivu usioyeyuka, ule unaozunguka ukingo wa beseni la kufulia. Kioo kikiachwa kikauke, kila tone la maji hupotea hewani na kuacha chokaa na chumvi yake mahali pake. Mara mbili kwa siku, kwa miaka minne, kabati lilikuwa likipakwa lipu nyembamba ya chokaa na sabuni, na juu ya lipu hiyo mafuta yalipata pa kushika, na juu ya mafuta ikapakwa lipu nyingine.

Yaliyokwisha kujaribiwa

Kabla ya mimi kufika, dawa tatu zilikuwa zimejaribiwa na zote zilionekana kushindwa, jambo lililomfanya shangazi aamini kwamba hizi habari za siki na ndimu ni za kupoteza muda.

Ya kwanza ilikuwa mchanganyiko wa siki na baikaboneti, ile soda ya unga ya kuokea. Mpwa wangu aliimimina siki bakulini, akatia vijiko viwili vya soda, povu likapanda hadi likamwagika, naye akapaka kioo kizima kwa furaha. Povu hilo ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka pale asidi na alkali zinapouana. Kijiko kimoja cha chai cha baikaboneti kinatosha kuua ukali wa siki ya dukani kiasi cha mililita 70 hivi, na kinachobaki baada ya povu kutulia ni maji yenye chumvi ya asetati, ambayo hayana nguvu ya maana juu ya mafuta wala juu ya chokaa. Dawa mbili nzuri, kila moja ikiwa na kazi yake, ziliunganishwa zikawa si dawa tena. Sijui kosa la usafi wa nyumbani linalopendwa kuliko hili, na nadhani sababu ni povu lenyewe, kwa kuwa linaonekana likifanya kazi.

Ya pili ilikuwa ndimu. Nusu ya ndimu ilisuguliwa juu ya kioo cha mlango wa pili, ambao ndio ulioshika mafuta mengi kuliko yote. Asidi ya ndimu ina nguvu ya kutosha kuyeyusha chokaa, lakini ni maji, na maji hayapiti kwenye utando wa mafuta. Ilitiririka tu juu yake. Kwa kuwa kioo hakikusuuzwa vizuri, utomvu wa ndimu ulikauka, na siku ya pili sisimizi walijipanga kwenye fremu.

Ya tatu ilikuwa jivu, na hiyo ndiyo iliyoacha kovu. Jivu la makaa lina alkali inayokata mafuta, na mabibi zetu waliling'arishia masufuria kwa haki kabisa. Kwenye kioo hali ni nyingine, kwa sababu jivu la jikoni halikosi chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko kioo: katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kioo cha dirishani kiko kati ya 5 na 6, na chembe za mchanga mweupe ziko kwenye 7. Mlango wa tatu ulisuguliwa kwa jivu na makumbi ya nazi kwa dakika chache, ukapata duara za mikwaruzo ambazo jua la asubuhi likiingia dirishani huziwasha zote kwa pamoja. Baikaboneti haina hatari hiyo, kwani chembe zake ni laini kuliko kioo kwa mbali.

Kupima kwanza

Niliomba nusu saa ya kupima kabla ya kugusa chochote, na kwa kuwa masika yalikuwa yameanza, niliomba pia ndoo mbili za maji ya mvua kutoka kwenye mlizamu wa paa. Mvua ya kwanza tuliiacha iondoke na vumbi na kinyesi cha ndege, tukakinga iliyofuata na kuichuja kwa kitambaa. Ombi hilo lilimshangaza shangazi kuliko yote. Aliniuliza, "Mwanangu, maji ya kisima yana najisi gani?" Nikamjibu kwamba ni tohara kabisa, ila yana mawe ndani yake.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha tone. Niliweka tone la maji ya mvua kwenye kila kioo na kutazama umbo lake. Kwenye mlango wa pili na wa tatu tone lilijikusanya likawa shanga, ishara kwamba juu kabisa pana mafuta. Kwenye mlango wa tano na wa sita lilitandazika, ishara kwamba pale juu ni chokaa na chumvi. Kisha niliweka tone la siki, ile nyeupe yenye asidi ya asetiki ya asilimia 5 hivi, kwenye kona ya chini ya mlango wa sita, nikasubiri dakika tano na kupangusa. Palibaki kidirisha kidogo cheusi kilichoonyesha wazi ukingo wa sahani ulio nyuma yake. Nilipofanya vivyo hivyo kwenye mlango wa pili hakikutokea kitu. Nikaosha kona nyingine ya mlango huo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kitambaa kikatoka na rangi ya chai, na mahali palipooshwa pakaonekana weupe mpya. Hapo nikaweka siki, na weupe ule ukaondoka.

Kipimo hicho kidogo ndicho kilichoeleza kisa chote. Siki haikuwa imeshindwa kamwe. Ilikuwa haijawahi kukifikia kile inachokiweza, kwa sababu mafuta yalikuwa yamekaa juu yake. Utaratibu wa kazi ukajipanga wenyewe: mafuta kwanza kwa sabuni na alkali, kusuuza mpaka alkali yote itoke, kisha chokaa kwa asidi, kusuuza tena, na kukausha kwa mkono.

Siku mbili za kazi

Tulianza kwa kufungua milango. Minne ilitoka vizuri, nikaiandika namba kwa chaki upande wa ndani na kuilaza juu ya taulo zilizotandikwa kwenye mkeka. Skrubu za mlango wa tano na wa sita zilikuwa zimeliwa na kutu kwa mvuke wa sinki, zikakataa kuzunguka, na sikutaka kuzilazimisha kwenye ubao wa aina ile ambao ukishavunjika tundu haushiki tena. Milango hiyo tuliisafisha ikiwa imesimama mahali pake.

Fremu za MDF ndizo zilizoamua namna ya kutumia maji. Ubao huo ukinywa maji huvimba na haurudi, hivyo hatukumwaga kitu chochote juu ya mlango. Tulichovya vipande vya kanzu kuukuu katika maji ya mvua ya uvuguvugu, kiasi ambacho mkono unavumilia, yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, tukavikamua hadi visitoe tone, kisha tukavitandika juu ya kioo upana wa kidole kutoka kwenye fremu na kuviacha dakika kumi. Maji yanayochemka tuliyaepuka, kwani kioo baridi kinaweza kupasuka kikipata joto la ghafla. Kungoja ndiyo sehemu ya kazi ambayo watu huiruka. Sabuni inahitaji muda wa kuingia chini ya mafuta yaliyoganda, na dakika kumi za kungoja huokoa nusu saa ya kusugua. Binti alisema jambo hilo analijua kwa masufuria yaliyounguza wali, ila hakuwahi kufikiria kwamba kioo nacho kinarowekwa.

Milango iliyo mbali na moto ilitakata kwa mzunguko mmoja wa sabuni. Wa pili na wa tatu ilihitaji mizunguko mitatu, na hata hapo yalibaki madoa madogo magumu yaliyofanana na tone la asali. Kwa hayo nilikoroga vijiko vitatu vya chai vya baikaboneti na kimoja cha maji, nikapaka uji huo mzito, nikaufunika kwa kitambaa kibichi usikauke, na baada ya robo saa nikasugua polepole kwa dodoki lililolainishwa. Yaliyokaidi niliyaondoa kwa ukingo wa kadi ya zamani ya benki, nikiilaza chini chini kama mtu anayekwangua ukoko. Ni vyema kutaja kwamba shangazi alikuwa na kopo la beking poda akidhani ni kitu kimoja na baikaboneti. Beking poda ina asidi na wanga ndani yake, ikilowa hutoa povu na kujimaliza, tena wanga wake huacha michirizi. Magadi yanayotumika kulainishia maharage nayo ni alkali kali zaidi, na kwenye rangi ya fremu nisingeyathubutu.

Baada ya kusuuza kwa maji ya mvua mara mbili, ilikuja zamu ya siki. Tuliichanganya nusu kwa nusu na maji ya mvua, tukaloweka vitambaa vingine, kwa kuwa vile vya kwanza vilikuwa bado na alkali, tukavitandika kwa robo saa. Kwenye milango miwili iliyosimama kitambaa hakikukubali kushika, kwa hiyo nilitumia karatasi laini za jikoni zilizolowa siki tupu, ambazo hujibandika kwenye kioo kama karatasi ya ukutani. Chini ya milango hiyo nilitandika taulo nene, na sababu si usafi peke yake. Ukuta ule ni wa chokaa, na siki inayoyeyusha chokaa iliyo kwenye kioo haiwezi kutofautisha chokaa ya uchafu na chokaa ya nyumba. Siki ikichuruzika juu ya lipu ya zamani, au juu ya marumaru, itakula pale pale ilipopita. Nilimwonyesha shangazi kwa kutia tone juu ya kipande cha tumbawe kilichoanguka uani, nacho kikachemka. Vitasa vya shaba vilikuwa vimeondolewa mapema, kwa kuwa asidi ingevibadilisha rangi.

Neno moja la hatari nililisisitiza kwa wote waliokuwa jikoni. Chini ya sinki palikuwa na chupa ya dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, na mpwa wangu alipendekeza tuongeze kidogo ili kuondoa harufu ya siki. Klorini ikichanganywa na siki au ndimu hutoa gesi ya sumu inayochoma mapafu, na chumba chenye dirisha moja si mahali pa kulijaribu hilo. Chupa ilitolewa ikapelekwa msalani hadi kazi ilipokwisha. Pendekezo lake la pili, dawa ya kupuliza ya kusafishia oveni, nililikataa kwa sababu nyingine: nyingi ya dawa hizo zina magadi makali ya kutengenezea sabuni, ambayo yangebambua rangi ya fremu na, yakikaa, yangekila kioo chenyewe.

Kukausha tulikufanya kwa leso kuukuu. Leso mpya huwa na wanga wa kiwandani na rangi inayotoka, lakini leso iliyofuliwa kwa miaka hunyonya maji kuliko taulo na haiachi nyuzi. Shangazi alisitasita kabla ya kuitoa, akaisoma jina lake kwa sauti ya chini, kisha akaipasua katikati. Gazeti, ambalo wengi hulisifu kwa vioo, lingefanya kazi hiyo pia, ila wino wake ungechafua fremu nyeupe.

Yaliyopatikana

Milango ya pili, ya tano na ya sita ilirudi kuwa angavu, isipokuwa mstari wa ukungu wenye upana wa nusu kidole chini ya mlango wa sita, palipokuwa pakirukiwa na maji ya sinki kila siku. Mstari huo niliutia siki mara tatu, mara ya mwisho kwa saa nzima, nao haukubadilika hata kidogo, na hapo nikakoma. Kioo kinachokaa na maji magumu na sabuni kwa miaka huweza kuliwa uso wake, na kilicholiwa hakina uchafu wa kuondolewa. Kuendelea kusugua kungeongeza mikwaruzo tu.

Vioo vya ukungu vilinishinda kwa muda. Uso wake umekwaruzwa makusudi, na kila kijitundu hushika mafuta. Tena kikiwa kimelowa huonekana angavu, ukadhani umemaliza, kikikauka madoa yakarudi. Ilinibidi nikiache kila kimoja kikauke kabisa kati ya mzunguko na mzunguko, jambo lililoisukuma kazi hadi siku ya pili, na nilitumia brashi laini ya meno kwa sabuni kabla ya siki. Vilitoka vizuri, ingawa cha mlango wa nne kina kivuli kidogo karibu na kitasa, mahali pa vidole vya miaka minne. Upande wa ndani wa milango yote ulikuwa na mafuta mepesi tu, bila chokaa, kwa kuwa binti hakuwa akiupangusa. Hakuna ushahidi mwingine katika kisa hiki ulionisadikisha zaidi.

Mlango wa tatu ulitakata uchafu wote, na kwa kutakata huko mikwaruzo ya jivu ikaonekana vizuri zaidi kuliko hapo awali. Hilo shangazi hakulipenda.

Utaratibu mpya wa nyumba tuliupanga na binti mwenyewe, kwa kuwa ndiye atakayeutekeleza. Vioo vya karibu na moto atavipangusa jioni ile ile ya kukaanga, kabla mafuta hayajakauka, kwa kitambaa kilichokamuliwa na tone la sabuni ya maji, kwani sabuni hiyo haigandi na kalsiamu kama ya mche. Vioo vingine atavipangusa mara moja kwa wiki. Maji yatakuwa ya mvua yakiwepo. Yasipokuwepo, atatumia maji ya kisima yaliyochemshwa, yakatulia na kumiminwa polepole kutoka juu, kwa sababu kuchemsha huiangusha sehemu kubwa ya chokaa ndani ya birika, ingawa chumvi hubaki. Na kila kinapolowa, kitakaushwa papo hapo kwa nusu ya leso. Hilo la mwisho ndilo nililolitilia mkazo kuliko siki na soda, kwa kuwa tone ambalo halikuachwa likauke haliachi jiwe.

Nilirudi baada ya wiki sita, kusi ikiwa imeshika na mvuke wa karai ukitoka dirishani badala ya kubaki ndani. Vioo vilikuwa safi. Birika nalo lilikuwa limetiwa siki likachemshwa, ukoga wake umetoka vipande vipande, na shangazi aliniwekea kimoja kwenye sahani ya kahawa ili nikione. Skrubu zenye kutu bado zilikuwa zikimngoja fundi. Kilichonishangaza ni mpangilio wa milango, kwani shangazi alikuwa ameuhamishia mlango wa tatu, wenye mikwaruzo, kwenye kona ya friji ambako jua la asubuhi halifiki, na wa kwanza akauleta mahali pake, bawaba za milango hiyo miwili zikiwa upande mmoja. Sasa vioo vya ukungu vimekaa vyote viwili katikati, na wageni hudhani fundi alikusudia. Nilimweleza kwamba kioo cha ukungu ndicho kinachoshika mafuta zaidi, na kimoja amekileta juu ya moto. Alinijibu kuwa analijua hilo, na kwamba binti ameshamwahidi.